Jino la pembe si dawa ya pengo?

Najua nimepotea kidogo, na wengine mmeniuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa na kazi niliyopewa na baba mdogo, na kwetu kazi ya baba mdogo haina "nitaangalia".

Kisa chenyewe ni hiki. Baba mdogo ni mwalimu mstaafu, anaishi Muheza. Miaka mitatu iliyopita alianguka na bodaboda, akapoteza meno mawili ya mbele, yale makubwa ya juu. Jirani yao upande mmoja lilimeguka, na la upande wa pili tayari lilikuwa limezibwa zamani. Mwalimu asiye na meno ya mbele ni mtu mwenye huzuni. Alianza kuziba mdomo kwa kiganja akicheka, kisha akaacha kucheka kabisa. Watoto wake wakachanga, akaenda kwenye kliniki moja mjini Dar. Huko akaambiwa mfupa wa taya umeshakuwa mwembamba, kwa hiyo kwanza apandikizwe mfupa, halafu baadaye awekewe skrubu za titani za kushikilia meno mapya. Akapandikizwa. Wiki chache baadaye ufizi ukafunguka, usaha ukatoka, na ule mfupa wote ukapotea. Alipigwa eksirei tena, ikaonekana hali ni kama mwanzo, au mbaya kuliko mwanzo.

Sasa daktari yule yule akasema: turudie. Safari hii tutoe mfupa kidevuni kwako mwenyewe.

Baba mdogo akanipigia simu. "Shikamoo baba," nikasema. "Marahaba. Wewe si mwandishi wa habari? Kazi yako si kuuliza? Basi niulizie. Nirudie au niache? Na usiniletee maneno ya kunifurahisha."

Nikaanza kuuliza. Nilidhani nitamaliza jioni moja. Nikajikuta nasoma habari za Waitalia wa kale, rais wa Marekani, sungura wa Sweden na utafiti uliofanywa hapa hapa kwetu Tanzania. Leo nawaletea niliyoyapata, maana naamini baba mdogo si peke yake mwenye swali hili.

Wahenga wetu walisema jino la pembe si dawa ya pengo. Maana yake ya kawaida tunaijua: cha kuazima hakiwezi kuwa sawa na chako. Lakini hebu tuisome methali hiyo kama ilivyo, bila mafumbo. Binadamu amekuwa akijaribu kuziba pengo kwa pembe, dhahabu, kauri, raba na chuma kwa zaidi ya miaka 2,500. Je, wahenga walikuwa sahihi?

Tuanze Italia. Karibu mwaka 700 kabla ya Kristo, Waetruski, watu walioishi sehemu ambayo leo tunaiita Toscana na jirani zake, walikuwa wakitengeneza vikanda vyembamba vya dhahabu vinavyozunguka meno mazima, na katikati yake wanashikiza jino la bandia. Vikanda hivyo vimekutwa makaburini, hasa kwa wanawake wa tabaka la juu. Wataalamu wengi huona vilikuwa zaidi ya pambo na alama ya utajiri kuliko kifaa cha kutafunia. Lakini angalia mbinu yenyewe: jino la bandia linaning'inia kwenye meno ya jirani. Hilo ndilo wazo la daraja, na madaktari wa meno wanalitumia mpaka leo.

Wazo la pili, la kuchomeka kitu ndani ya mfupa wenyewe, nalo ni la kale. Mwaka 1931 huko Honduras, Wilson Popenoe na mkewe walikuta kipande cha taya la chini la mtu wa zama za Wamaya, karibu mwaka 600 baada ya Kristo. Mahali pa meno matatu ya mbele palikuwa na vipande vya kombe la baharini vilivyochongwa kama meno. Kwa muda mrefu ilidhaniwa aliwekewa akiwa maiti. Taya hilo lilipopigwa eksirei mwaka 1970, ilionekana mfupa umeota kuvizunguka vile vipande. Maiti haioti mfupa. Mtu yule aliishi navyo.

Kwa hiyo tangu zamani njia zilikuwa mbili: kuegemea jirani, au kujichimbia msingi wako. Swali la baba mdogo ni hilo hilo.

Turuke hadi London ya karne ya 18. Daktari mpasuaji John Hunter, ambaye mwaka 1771 alitoa kitabu kikubwa juu ya meno ya binadamu, aliamini jino likitolewa kwa mtu mmoja linaweza kuota kinywani mwa mwingine. Alifanya jaribio la kupandikiza jino la mtu kwenye upanga wa jogoo, ile nyama nyekundu ya kichwani, na likashika. Matajiri wakasisimka. Maskini wakaanza kuuza meno yao mazima, yang'olewe hapo hapo na kuchomekwa kwenye fizi za mwenye fedha. Meno hayo yalikaa muda tu, kisha yakalegea na kuanguka, na pamoja nayo yalikuja magonjwa. Biashara ikafifia. Maskini aliyeuza jino alibaki na pengo lake, na tajiri naye akarudi kwenye pengo lake.

Na hapa ndipo George Washington anapoingia. Alipoapishwa kuwa rais wa kwanza wa Marekani, tarehe 30 Aprili 1789, kinywani mwake lilikuwa limebaki jino moja tu. Ile hadithi kwamba alivaa meno ya mbao si kweli. Meno yake ya bandia yalitengenezwa kwa pembe ya kiboko, meno ya binadamu na madini, yakafungwa kwa springi. Fikiria kiboko huyo wa Afrika, amefika hadi kinywani mwa rais! Na kuna jambo zito zaidi. Katika daftari la matumizi ya nyumbani kwake Mount Vernon, mwaka 1784, kuna malipo ya pauni 6 na shilingi 2 kwa watu weusi, yaani watumwa, kwa ajili ya meno tisa. Bei hiyo ilikuwa chini sana ya ile ambayo daktari wa meno wa wakati huo alikuwa akiitangaza magazetini. Daftari linasema malipo, halisemi meno yaliishia kinywani mwa nani. Lakini mimi kila nikiona ile picha yake kwenye noti ya dola moja, mdomo umebana, nakumbuka yale meno tisa.

Baada ya vita vya Waterloo, Juni 1815, meno yaliyong'olewa kwa askari waliokufa yaliingia sokoni kwa wingi. Kwa miaka mingi baadaye Waingereza waliyaita meno ya Waterloo. Wakati huo huo Wafaransa walikuwa wameshaanza kutengeneza meno ya kauri, ambayo hayaozi wala hayanuki kama pembe.

Mapinduzi ya kweli kwa mtu wa kawaida yalikuja na raba ngumu, katika miaka ya 1850. Ilikuwa rahisi kuifinyanga ifuate umbo la kinywa, na bei yake ilikuwa nafuu. Lakini kampuni moja ya Marekani ilishika hakimiliki na kumdai kila daktari wa meno leseni. Mweka hazina wake, Josiah Bacon, alizunguka nchi nzima akiwashitaki madaktari waliokataa kulipa. Jumapili ya Pasaka, tarehe 13 Aprili 1879, daktari wa meno Samuel Chalfant alimpiga risasi na kumuua hotelini San Francisco. Jamani, watu wameuana kwa sababu ya meno ya bandia.

Sasa tuje kwenye mfupa wenyewe, maana ndipo tatizo la baba mdogo lilipo.

Jambo ambalo wengi hatulijui ni kwamba ule mfupa unaoshika meno upo kwa ajili ya meno. Jino likitoka, mfupa unaanza kuondoka, kama nyumba isiyo na mtu inavyobomoka. Mwaka 2003 Lars Schropp na wenzake huko Denmark walipima mapengo ya wagonjwa waliong'olewa jino moja, wakaona kwamba ndani ya miezi 12 upana wa mfupa ulipungua kwa karibu nusu, na theluthi mbili za upungufu huo zilitokea katika miezi mitatu ya mwanzo. Miezi mitatu tu! Kabla ya hapo, mwaka 1972, Antje Tallgren alichapisha utafiti wa miaka 25 juu ya watu waliovaa meno ya bandia kinywa kizima. Mfupa uliendelea kupungua miaka yote hiyo, na taya la chini lilipoteza karibu mara nne ya taya la juu. Ndiyo maana bibi zetu meno yao ya bandia ya chini yanachezacheza hata yakitengenezwa upya.

Basi kama mfupa umeondoka, si tuurudishe? Wazo hilo nalo lina historia. Kitabu cha daktari mpasuaji wa Amsterdam, Job van Meekeren, kilichotoka mwaka 1668, kinasimulia habari za askari wa Urusi ambaye fuvu lake lilizibwa kwa kipande cha mfupa wa mbwa. Alipona, lakini Kanisa likamtenga kwa sababu ya mfupa wa mnyama. Akaomba utolewe. Madaktari wakaangalia, wakakuta umeshashikana na wake, hautoki.

Mwaka 1880, mjini Glasgow, William Macewen alimtengenezea mtoto mfupa wa mkono ulioharibiwa na maambukizi. Alitumia vipande alivyovitoa kwenye miguu ya watoto wengine waliokuwa wakinyooshwa matege. Mkono ukapona, mtoto akakua, akafanya kazi. Kisha Vita vya Kwanza vya Dunia vikaleta maelfu ya askari waliovunjwa taya kwa risasi na mabomu. Katika hospitali ya Sidcup, Uingereza, iliyofunguliwa mwaka 1917, Harold Gillies na madaktari wa meno aliofanya nao kazi walijenga nyuso upya kwa mbavu na mifupa ya nyonga. Upandikizaji wa mfupa wa taya ulikomaa katika huzuni ile.

Lakini hata mfupa ukiwepo, nani atashikilia jino? Hapa tunakwenda Sweden. Mwaka 1952, mjini Lund, Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza jinsi damu inavyopita ndani ya mfupa wa sungura. Alichomeka vifaa vidogo vya titani miguuni mwa sungura hao ili aone kwa hadubini. Alipotaka kuvitoa avitumie tena, vikagoma. Mfupa ulikuwa umevikumbatia. Mtu mwingine angekasirika kwa hasara. Yeye akajiuliza kama jambo hilo linaweza kuwa na kazi.

Mwaka 1965, mjini Gothenburg, akampata mtu wa kwanza. Gösta Larsson alizaliwa na kasoro ya kaakaa na taya, hakuwa na meno ya chini, kutafuna kulikuwa shida na kuongea shida. Akawekewa skrubu nne za titani kwenye taya la chini. Larsson alifariki mwaka 2006, na skrubu zake zilikuwa bado zinafanya kazi, miaka 40 na zaidi. Wenzake kazini hawakumwamini Brånemark kwa muda mrefu. Mwaka 1977 alichapisha matokeo ya miaka kumi, na katika mkutano wa Toronto wa mwaka 1982 ndipo dunia ilipokubali.

Hapo sasa likazaliwa tatizo jipya. Skrubu inataka mfupa. Na wanaohitaji zaidi meno ndio waliokaa na mapengo miaka mingi, yaani ndio wasio na mfupa. Ikawa lazima upandikizaji wa mfupa na skrubu vioane. Mwaka 1980 Ulf Breine na Brånemark walieleza jinsi ya kuujenga mfupa wa taya kwa mfupa uliotolewa kwenye muundi wa mguu. Mwaka huo huo Philip Boyne na Robert James wa Marekani walieleza namna ya kuinua sakafu ya sainasi, ule uwazi wenye hewa juu ya magego ya juu, na kuujaza mfupa wa nyonga. Mwaka 1988 Christer Dahlin na wenzake wa Gothenburg wakaonyesha kwamba ukifunika tundu la mfupa kwa utando, ufizi unazuiliwa usikimbilie ndani, na mfupa unapata nafasi ya kujijaza. Baadaye ikaja mifupa iliyosafishwa ya ng'ombe, na tando nyingi zinazotokana na ngozi au nyama za nguruwe. Kwa wasomaji wangu Waislamu, na yeyote mwenye miiko yake: muulize daktari wako kitu hicho kimetoka kwa mnyama gani. Una haki ya kujua kabla hujalala kwenye kiti.

Na sasa nifike kwenye jambo lililonishangaza kuliko yote. Nilidhani historia itaniambia kwamba upandikizaji wa mfupa ulizidi kuwa bora, hadithi ikaishia hapo. Sivyo. Wale wale waliouanzisha ndio waliokuwa wa kwanza kutafuta njia ya kuukwepa. Walijua kwamba mfupa uliopandikizwa mwingine hupungua sana katika mwaka wa kwanza, na kwamba mgonjwa aliyetolewa mfupa nyongani hutembea kwa kuchechemea wiki kadhaa. Brånemark mwenyewe, mwishoni mwa miaka ya 1980, alianza kutumia skrubu ndefu, sentimita tatu hadi tano hivi, zinazopita juu hadi kushika mfupa wa shavu. Zilianza kwa watu waliopoteza taya la juu kwa saratani na ajali, baadaye zikawa kwa wale ambao mfupa wao wa juu umeisha. Mwaka 2003 Paulo Maló wa Lisbon alichapisha njia ya skrubu nne tu kwa taya zima, mbili za nyuma zikiwa zimelazwa ili zifuate mfupa uliopo badala ya kulazimisha mfupa usiokuwepo.

Mwaka 2009 shirika la Cochrane, ambalo kazi yake ni kukusanya majaribio na kuyapima kwa pamoja, lilitoa tathmini kuhusu kuujenga mfupa kwenda juu. Ikasema kwamba kwa taya la chini lililopungua, skrubu fupi zinaelekea kuwa chaguo bora kuliko kuinua mfupa, kwa sababu matatizo ni machache na gharama ni ndogo. Mwaka 2002 wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, walikubaliana kwamba kwa mtu asiye na jino hata moja chini, skrubu mbili tu za kushikilia meno ya kuvaa na kuvua ziwe ndiyo tiba ya kwanza.

Na kuna watu waliouliza swali gumu kuliko hayo: je, kila pengo lazima lizibwe? Mwaka 1981 Arnd Käyser wa Nijmegen, Uholanzi, alisema mtu anaweza kuishi vizuri bila magego yake yote. Watu wakasema hayo ni ya Wazungu wanaokula mkate laini. Basi Paulo Sarita wa Muhimbili na wenzake wa Nijmegen wakawapima Watanzania, watu wa ugali, nyama na mahindi ya kuchoma. Matokeo yao ya mwaka 2003 yalionyesha kwamba mwenye magego madogo yote pamoja na angalau jozi moja ya magego makubwa inayokutana anatafuna vya kutosha. Aliyebakiwa na chini ya hapo sana ndiye mwenye taabu na vyakula vigumu. Nilijisikia fahari kidogo. Tumezoea kusoma utafiti wa wengine juu ya wengine.

Sasa baba mdogo. Hayo ya magego hayamhusu, kwani yeye pengo lake ni la mbele, la kucheka na kutamka herufi "f" na "v". Skrubu ya shavuni haimhusu, hiyo ni ya taya zima. Skrubu fupi hazimsaidii, maana mfupa wake una urefu, umekosa upana. Kwa hiyo zilibaki njia nne: kurudia kupandikiza, daraja la kukata meno ya jirani, daraja la kugundishwa kwa nyuma bila kukata sana, lile lililoenea tangu miaka ya 1980 kutoka Chuo Kikuu cha Maryland, au sahani ya kuvaa na kuvua.

Nilimpeleka kwa daktari mwingine, dada mmoja wa hospitali ya serikali. Hakusema rudia, hakusema acha. Aliuliza maswali. La kwanza: mara ya kwanza kwa nini ilishindikana? Baba mdogo akanitazama, kisha akaangalia chini. Kumbe alirudi kwenye sigara siku ya tatu baada ya upasuaji. Kule alikotibiwa hakukuwa na mtu aliyemuuliza, na yeye hakusema. Moshi wa sigara unabana mishipa midogo ya damu, na mfupa uliopandikizwa bila damu ni kama mche uliopandwa kiangazi.

La pili: sababu hiyo imeondoka? La tatu: kinachohitajika ni kiasi gani cha mfupa, upana au urefu? Maana upana kidogo hujengeka kwa urahisi kuliko urefu. La nne: ufizi wa hapo ukoje? Ukishakatwa na kuoza mara moja, unabaki na kovu, na kovu halinyooki kufunika mfupa kama ufizi mpya. La tano ndilo lililomgusa mzee: "Ikishindikana na hii ya pili, utabaki na nini?"

Akamwelekeza pia kwenye yale meno mawili ya jirani. Ubaya mkubwa wa daraja ni kulikata jino zima lisilo na kosa. Lakini la baba mdogo moja limemeguka na la pili limezibwa kiraka kikubwa. Yote mawili yalihitaji kofia hata kama pengo lisingekuwepo. Kama yangekuwa mazima, akasema, hesabu ingekuwa nyingine, na kwa kijana wa miaka 25 asiyevuta sigara angeweza kabisa kushauri mfupa upandikizwe upya baada ya kusubiri miezi kadhaa ufizi upone.

Tulirudi nyumbani kwa basi. Njiani mzee hakusema kitu hadi tulipopita Segera. Kisha akasema, "Mwanangu, wewe umenieleza habari za sungura na marais, nimekusikia. Mimi nina miaka 67. Sitaki mfupa wa kidevu changu uende kufa juu kama ule wa kwanza."

Aliwekewa daraja la meno manne. Jino la bandia halijui moto wala baridi, chini yake mfupa unaendelea kupungua polepole, na akitabasamu sana unaona kivuli chembamba kati ya jino na ufizi. Muhindi haumi tena kwa meno, anaupukuchua kwa kidole kwanza. Daraja nalo lina umri wake, siku moja litahitaji kubadilishwa. Daktari alimwambia yote hayo kabla, akakubali akiwa anajua.

Kwa hiyo, wahenga walikuwa sahihi? Naona walikuwa sahihi nusu. Jino la pembe si dawa ya pengo kwa mtu anayetaka kurudishiwa kilichopotea. Kilichopotea hakirudi, hata Gösta Larsson hakupewa meno, alipewa skrubu. Lakini nilichojifunza kwenye historia hii ndefu ni kwamba waliofanikiwa waliufuata mfupa uliopo, na waliojaribu kuulazimisha usiokuwepo walirudi mezani mara nyingi. Upandikizaji wa mfupa ni kazi nzuri na umewasaidia wengi. Kurudia ni halali, kama umejua kilichoua wa kwanza na umekiondoa. Kama hujajua, unalipia kosa lile lile mara mbili.

Na kama kuna mtu nyumbani kwako ameng'olewa jino wiki hii, tafadhali mkumbushe ile miezi mitatu. Aulize mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huu ukuta unajengwa kwa mfupa wako mwenyewe.

Juzi nilimpigia baba mdogo simu. Alikuwa anawasimulia wajukuu habari za kiboko na George Washington, na nilimsikia akicheka. Sigara ameacha mwezi wa nane sasa, ingawa shangazi anasema bado anainusa ya jirani.

Wewe je, umewahi kukutana na uamuzi kama huu? Ulifanyaje? Niandikie, tujifunze wote. Hadi wakati mwingine, naomba kuwasilisha.